"Sijabadilisha kufuli": uchambuzi wa kisa cha filamu ya drama, gazeti moja na maduka manne

Usuli

Kisa hiki kinahusu kampeni ya kutangaza filamu ya drama iliyooneshwa kwa wiki mbili katika ukumbi mmoja wenye viti pungufu ya mia tatu. Majina ya filamu, gazeti na maduka nimeyaondoa, na hadithi ya filamu nimeibadilisha hapa na pale bila kugusa kile kilichoyafanya matangazo yawe vile yalivyokuwa. Mimi nilikuwa mratibu, yaani mtu wa kukimbia kati ya msambazaji, meneja wa ukumbi, idara ya matangazo ya gazeti na wenye maduka. Mengi yaliyoharibika yalipitia mikononi mwangu.

Filamu yenyewe ni hivi. Binti anaondoka nyumbani usiku baada ya ugomvi. Kwa miaka tisa mama yake anakataa kubadilisha kufuli la mlango, hata linapolegea, hata mtoto wa kiume anapomsihi, kwa sababu binti aliondoka na ufunguo. Hakuna risasi, hakuna nyota wa kutajwa. Mwigizaji mkuu ni mama wa makamo ambaye watu wanaijua sura yake lakini jina hawalikumbuki. Ukitoka kuitazama unanyamaza njia nzima, halafu kesho yake unawasimulia watu watatu. Kazi ni kumpata huyo wa kwanza wa kusimulia.

Masharti ya ukumbi yalikuwa mafupi. Meneja angehesabu watazamaji wa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili ya kwanza. Wasipofika nusu ya viti, filamu ingebakiziwa onyesho la mchana tu, na jioni ingepewa filamu nyingine. Huo si ukatili. Kumbi ndivyo zinavyoishi. Lakini maana yake ni kwamba kampeni iliyoandikwa "wiki mbili" kwenye karatasi kwa kweli ilikuwa kampeni ya siku tatu.

Kwa nini gazeti, kwa nini maduka

Msambazaji alitaka fedha zote ziende mtandaoni. Meneja wa ukumbi ndiye aliyekataa, na alikuwa na hoja. Watazamaji wake wa drama walikuwa watu wazima, wengi wao wanaolitazama gazeti la Alhamisi ili wajue ukumbini kuna nini mwishoni mwa wiki. Trela tuliiweka mtandaoni, ila fedha tuligawa hivi: karibu theluthi mbili kwa gazeti, na kilichobaki kwa maduka na uchapaji wa kadi na mabango.

Kwa upande wa maduka tulikuwa na wazo la kale. Mwaka 1932 mwigizaji wa Marekani Joan Crawford alivaa gauni jeupe lenye mikono ya marinda makubwa katika filamu ya MGM, kampuni ya filamu ya Hollywood, kazi ya mbunifu wa mavazi Adrian, na duka la Macy's la New York likauza magauni ya kuiga lile. Tangu hapo kila mtu wa matangazo ya filamu anaota dirisha la duka la nguo. Nasi tuliota. Tukakubaliana na duka kubwa la nguo, duka la vitabu na studio ya picha. La nne lilikuwa kibanda cha mchonga funguo, na kwa kusema kweli hilo tuliliongeza kama utani. Mtu mmoja kikaoni alisema, "Filamu nzima ni ya ufunguo, mbona hatumwoni fundi?" Tukacheka, tukaandika.

Kila duka lilipewa kadi zenye muda wa maonyesho upande mmoja na kuponi upande wa pili: ukinunua tiketi moja Jumatatu hadi Alhamisi, mwenzako anaingia bure. Mwisho wa wiki hatukuweka punguzo lolote, kwa kuwa tulihofia kumpunguzia bei mtu ambaye angekuja hata hivyo. Pembeni mwa kila kuponi palikuwa na herufi: G kwa ile ya kukatwa gazetini, N kwa nguo, V kwa vitabu, P kwa picha, F kwa funguo. Ni mbinu ya zamani. Mwandishi wa matangazo wa Marekani, Claude Hopkins, alikuwa akiihubiri mwaka 1923, kwamba kila tangazo libebe alama yake ili lijulikane limeleta nani.

Tangazo lililozama

Tangazo la kwanza la gazeti lilikuwa bango la filamu lililopunguzwa. Kwenye bango, mama ameketi gizani nyuma ya mlango, mwanga mwembamba unapita chini, na maandishi meupe membamba yanasema filamu inaanza lini. Kwenye prufu, yaani nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, ya karatasi ya kung'aa, lilikuwa zuri mno. Tulilisaini wote.

Gazeti lilipotoka, mama hakuwepo. Palikuwa na mstatili wa kijivu cheusi, na pale palipokuwa na saa za maonyesho palionekana kama mtu aliyefuta ubao kwa kitambaa chenye maji. Mwenye duka la vitabu alinipigia simu kuniuliza kama tangazo letu lilikuwa la mazishi.

Sababu yake ni ya karatasi na wino, na inafaa kila anayetangaza gazetini aijue. Karatasi ya gazeti hunywa wino, kwa hiyo kila nukta ya picha hutanuka. Rangi uliyoipanga iwe nusu, asilimia 50, hutoka kama robo tatu. Ndiyo maana gazeti huwa na kikomo cha wino unaorundikana mahali pamoja, karibu asilimia 240 ukijumlisha rangi zote nne za uchapaji, kila moja ikihesabiwa hadi 100, ilhali karatasi ya kung'aa hubeba 300 na zaidi. Picha iliyojengwa juu ya tofauti ndogo kati ya giza na giza zaidi, kama yetu, haina pa kupumulia. Herufi nyeupe nyembamba ndani ya weusi ndizo zinazoteketea kwanza, kwa maana wino wa pande zote mbili unazifunga. Fundi wa chumba cha uchapaji cha gazeti angetueleza haya kwa dakika moja, kama tungemuuliza yeye badala ya ofisa mauzo.

Alhamisi hiyo ilikuwa ya wiki moja kabla ya ufunguzi, kwa hiyo tulikuwa na nafasi ya kurekebisha. Tangazo la pili halikuwa na picha ya mtu. Lilikuwa jeupe, na katikati ufunguo mmoja umechorwa kwa mstari mnene. Chini ya ufunguo: "Mwanangu, sijabadilisha kufuli." Kisha jina la filamu, ukumbi, na saa za maonyesho kwa herufi nene ambazo mtu angezisoma bila miwani. Msambazaji alilalamika kwamba nafasi tupu tunailipia. Ni kweli tuliilipia. Lakini ukurasa ule ulikuwa umejaa matangazo yanayopiga kelele, na jicho lilikwenda penye ukimya.

Siku tatu za ukurasa wa matangazo madogo

Sehemu hii ndiyo ninayoulizwa mara nyingi, na ndiyo nisiyopenda kuieleza.

Pamoja na tangazo kubwa, tulinunua mistari miwili kwenye ukurasa wa matangazo madogo, ule wa vyumba vya kupanga, vitu vilivyopotea na salamu za watu binafsi. Ilitakiwa itoke siku tatu, Jumatatu hadi Jumatano ya wiki ya ufunguzi, bila jina la filamu na bila jina la mtu. Ilisema tu: "Mwanangu, sijabadilisha kufuli. Njoo saa yoyote. Mama." Wazo lilikuwa kwamba watu wajiulize, na Alhamisi wakifungua ukurasa wa burudani waukute ufunguo na maneno yaleyale. Wazo lilikuwa langu. Kikaoni liliwasisimua wote, na hakuna aliyeuliza mtu ambaye hatazami filamu ataelewa nini.

Jumatatu jioni dawati la wasomaji la gazeti lilikuwa limepokea simu kadhaa. Wengine walikuwa na udadisi tu. Jumanne alipiga mwanamume aliyemwambia karani kwamba aliondoka kwao miaka mingi, na hayo ni maneno ya mama yake, ndivyo anavyosema. Aliomba aambiwe tangazo limelipiwa kutoka wapi. Karani hakujua. Alimwambia apige tena kesho yake.

Karani ndiye aliyenitafuta. Hakufoka. Aliuliza, "Dada, nimwambie nini akipiga?" Nilikaa na simu mkononi nisijue cha kusema.

Tulifanya mambo mawili siku ileile. La kwanza, tulisimamisha mistari ya Jumatano na kuweka mahali pake maelezo kwamba maneno yale ni ya filamu, pamoja na kuomba radhi. Msambazaji aliogopa kuwa tunaua siri kabla ya Alhamisi. Meneja wa ukumbi alisema siri hiyo imeshaua inavyotosha. La pili, karani alipewa ruhusa ya kumweleza yule bwana ukweli wote, na kumwachia tiketi mbili mapokezi endapo angetaka. Alipiga, akaelezwa, akashukuru, akakata. Tiketi hazikuchukuliwa.

Kanuni hazikuwa ngeni kwetu. Chemba ya Kimataifa ya Biashara ina maadili ya matangazo tangu 1937, na mojawapo ya misingi yake ni kwamba tangazo lijulikane kuwa ni tangazo. Gazeti nalo lilipaswa kuligundua lile letu na kuliwekea alama. Sisi tulilipitishia dirisha ambalo halikuwa na mlinzi, tukajisifu kwa ubunifu. Filamu ya kubuni ina haki ya kumliza mtu aliyelipa kiingilio, akaketi, taa zikazimwa. Yule bwana hakuwa ameketi popote.

Tangazo la Alhamisi, lenye maandishi ya "tangazo la filamu" juu yake, lilitoka kama lilivyopangwa. Meneja alisikia mstari uleule ukitajwa na watu foleni ya tiketi. Maneno yalikuwa na nguvu tangu mwanzo, hayakuhitaji kujificha.

Madirishani

Duka la nguo lilitupa dirisha kubwa, la kona, linaloonekana kutoka pande mbili. Tuliweka masanamu mawili, la mama na la binti, na bango katikati. Siku mbili baadaye duka lilianza punguzo la msimu, na bango letu likafunikwa nusu na karatasi nyekundu ya asilimia. Sikuwalaumu, kwa kuwa dirisha ni lao na mwezi una kodi. Tatizo lilikuwa kubwa kuliko karatasi nyekundu, ingawa. Mama wa filamu anavaa sweta moja tangu mwanzo hadi mwisho. Waliomtazama Crawford walikwenda kuona gauni. Hakuna aliyetoka kwetu akitamani sweta. Tuliiga dirisha la 1932 bila kuwa na kile kilicholifanya dirisha lile liuze.

Kadi za hapo zilikaa kando ya mashine ya malipo, kwenye kikasha. Keshia alikuwa na foleni, mikono miwili imeshika nguo, na hakuna mtu wa foleni anayetaka keshia aanze hadithi. Zilibaki nyingi.

Studio ya picha haikuleta la maana. Duka la vitabu lilifanya vizuri kiasi, na nadhani ni kwa sababu mwenye duka aliitazama filamu kwenye onyesho la majaribio na kuipenda, akawa anawaambia wateja wake wa kudumu.

Kisha kibanda cha funguo. Fundi alikuwa mzee mmoja mwenye mashine mbili na kiti cha mteja. Nilimpelekea kadi na bango dogo. Bango alilikataa, akasema linamzibia mwanga. Badala yake alichukua funguo mbovu alizozikusanya kwa miaka, zilizochongwa vibaya, akazitundika kwa nyuzi mbele ya kibanda, kadhaa wa kadhaa, na katikati akaacha uzi mmoja mtupu. Hatukumwambia afanye hivyo. Hata filamu hakuwa ameiona, nilimsimulia tu.

Kadi nazo alizipa kazi yake. Sisi tulitaka azigawe. Yeye alizifunga kwenye kila ufunguo mpya kama kitambulisho. Ila tulikuwa tumezichapa bila tundu, kwa hiyo alikuwa akizitoboa moja moja kwa msumari juu ya kipande cha ubao. Nilipomwomba radhi kwa usumbufu alisema, "Binti yangu, ufunguo unachukua dakika mbili tatu kuchongwa. Mteja ameketi hapo, hana la kufanya. Namsimulia ya yule mama. Nikifika kwenye kufuli, ufunguo uko tayari, namkabidhi na kadi yake. Mwisho akautazame kwenu."

Sijapata kusikia maelezo bora ya kazi hii kutoka kwa mtu wa ofisini.

Matokeo

Wikiendi ya kwanza ilivuka nusu ya viti kwa kiasi kidogo, na filamu ikabaki na maonyesho ya jioni. Wiki ya pili ilijaa zaidi ya ya kwanza, jambo ambalo kwa filamu ya drama isiyo na nyota ni dalili kwamba watu walikuwa wanaambiana.

Kuponi za F zilizorudi zilizidi za N, V na P kwa pamoja. Kibanda chenye kiti kimoja kililishinda duka lenye dirisha la kona. Za G, za gazeti, zilikuwa chache kuliko tulivyotegemea.

Hapa niseme pia kilichotuharibia hesabu. Siku mbili za mwanzo mkata tiketi alizitupa kuponi kwenye pipa baada ya kuzikagua, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba tunazihesabu. Ilibidi tumpelekee kisanduku chenye matundu matano na kumweleza sababu. Hesabu yetu, basi, inaanzia katikati ya wiki.

Uchambuzi

Msambazaji alipoona kuponi za G alitaka kuandika kwenye ripoti kwamba gazeti halikufaa. Ningekubaliana naye kama nisingesimama mlangoni usiku nne nikiwauliza watu wamejuaje. Wengi walijibu, "Nimeambiwa." Ukiwauliza zaidi, mlolongo unafunguka: fundi alinisimulia, au dada yangu aliiona, kisha nikatazama gazetini inaanza saa ngapi. Aliyetazama saa hakukata kuponi. Pengine alikuwa na ya fundi mfukoni, pengine alikuja Jumamosi ambapo kuponi haitumiki. Kuponi yenye herufi inakwambia nani alimkabidhi mteja karatasi, haikwambii nani alimshawishi wala nani alimfikisha kwa wakati. Gazeti lilikuwa ratiba na ushahidi kwamba filamu ipo kweli. Bila lile tangazo la pili lenye saa zinazosomeka, hadithi ya fundi ingeishia kibandani. Nalo peke yake, nadhani, lisingejaza nusu ya viti.

Kuhusu maduka, tulichagua kwa ukubwa wa dirisha na idadi ya wapita njia. Tulipaswa kuuliza mambo mawili mengine. Kitu kinachouzwa hapo kimo ndani ya hadithi? Na je, mteja wa duka hilo husubiri? Anayepita dirishani ana sekunde chache, aliye kwenye foleni ya malipo ana haraka, lakini aliyeketi akingoja kitu chake kimalizike ana masikio. Baadaye, kwa filamu nyingine, tulikwenda kwa vinyozi na mafundi viatu, na hatukugusa duka la nguo kabisa. Pale ambapo mwenye duka hakuijua hadithi, kadi zilikaa tu, hata kama mteja alisubiri nusu saa. Kwa hiyo sasa onyesho la majaribio la wenye maduka linakuja kabla ya kuchapa chochote, na asiyeweza kuja anasimuliwa ana kwa ana.

Kuhusu mistari ile miwili, kuna wenzangu wanaosema kwamba ilisaidia, kuwa simu zile zenyewe zilikuwa dalili ya tangazo kufanya kazi. Inawezekana. Sikuzihesabu wala sitaki kuzihesabu. Utaratibu nilionao sasa ni mwepesi: kila tangazo la fumbo linasomwa kwanza na mtu ambaye hajui kuna filamu, naye anaulizwa ameelewa nini. Akidhani ni la kweli, halitoki.

Na kadi za fundi, awamu iliyofuata, zilitoka kiwandani zikiwa na tundu.